Kifundo cha Pimamaji

Kama umewahi kufukuzwa jikoni kwako mwenyewe, ukaambiwa ukapike kwa jirani au ulale njaa, basi huenda uliwahi kumwajiri Pimamaji. Alikuwa fundi wa vigae, na jina hilo alilipata kwa majivuno: alidai hahitaji pimamaji, kile kifaa chenye povu la kuonyesha usawa wa sakafu, eti povu analo kichwani. Akimaliza kupanga vigae vya chumba alisimama mlangoni ametanua mikono kama golikipa, na hakupita mtu, awe mwenye nyumba, awe mama mkwe wa mwenye nyumba. "Vikikauka utakanyaga mpaka uchoke," alisema. "Leo usikanyage." Yuko bwana mmoja aliyelala kwenye gari lake kwa amri hiyo. Asubuhi alipolalamika, Pimamaji alilizunguka lile gari, akafungua mlango wa nyuma, akasema viti ni vizuri, hata yeye angelala.

Mtu wa namna hiyo akiumia mguu, watu hawalii sana.

Na aliumia kipumbavu. Neno hilo ni lake mwenyewe na halipunguzi. Hakuanguka kutoka darini wala hakuangukiwa na ukuta. Alikuwa amesimama juu ya maboksi ya vigae, anamwonyesha mteja wake jinsi mafundi wengine wanavyokata kona ovyo, na kwa kunogewa na kuwasema wenzake alirudi nyuma hatua moja ambayo haikuwa na boksi chini yake. Mguu wa kulia ukajikunja kwa ndani, ukalia kama biskuti inayovunjwa. Mteja, mwalimu mstaafu mwenye adabu zake, akauliza kama ameumia. "Hapana," alisema Pimamaji, amekaa sakafuni jasho linamtoka. "Naangalia usawa wa huku chini." Akaendelea kuuangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nyumbani alikuwa na mke asiyedanganyika. Mkewe alikuwa msusi, na chumba cha mbele alikigeuza saluni: viti viwili, kioo kirefu, mashine ya kukausha nywele na harufu ya mafuta isiyotoka hata ukifungua madirisha yote. Kutoka pale kwenye kioo alimwona mumewe akipanda kizingiti, siku zote akitanguliza mguu wa kushoto.

"Nenda hospitali," alimwambia.

"Umeteguka tu."

"Nenda ukaambiwe umeteguka tu na mtu aliyesomea."

Akaenda, akapigwa eksirei, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Basi, huo ukawa wimbo wake. Mguu ukivimba jioni mpaka soksi inaacha mistari, hakuna kilichovunjika. Kifundo kikikwama katikati ya hatua kama mlango uliovimba kwa unyevu, hakuna kilichovunjika. Alichua kwa dawa, alifunga bendeji, alibadilisha viatu, akalaumu baridi, kisha akalaumu joto. Wateja wake alikuwa akiwaambia kila siku kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wake mwenyewe aliuvisha soksi.

Tatizo ni kwamba kazi ya vigae hufanywa kwa kuchuchumaa. Karani ana kiti, dereva ana kiti, hata hakimu ana kiti. Fundi wa vigae ana vifundo viwili vya miguu, na ndivyo anavyokalia kutwa. Kila aliposhuka chini, kitu kama msumari kilimchoma ndani kabisa ya kifundo, mahali ambapo kidole hakifiki. Akaanza kupiga goti la kushoto na kunyoosha mguu wa kulia pembeni, anatazama vigae kwa upande upande kama kuku. Ndivyo alivyopanga korido ya yule mwalimu mstaafu. Alipomaliza akasimama mlangoni kama kawaida yake, akatazama mistari, na mistari ikamtazama. Ilianza sawa pale mlangoni, ikafika mwisho wa korido imekwenda zake kushoto.

Mwalimu alikuja kuiona. Alipinda shingo kidogo tu, akidhani labda ndivyo inavyotakiwa kutazamwa. Lakini fundi mwenzake aliyepita pale kuazima mashine ya kukatia aliitazama ile korido, akamtazama Pimamaji alivyosimama kwa mguu mmoja, akasema, "Kaka, leo povu limekimbilia pembeni." Kesho yake Pimamaji alikuwa hospitalini. Maumivu ya miezi mingi hayakumpeleka. Alipelekwa na aibu ya korido moja.

Safari hii aliingizwa kwenye ile mashine kubwa ya picha inayogonga kama mafundi bati, kisha akakaa na mkewe mbele ya daktari wa mifupa. Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi, mpole, anayeongea haraka kwa kuifikiria foleni ya nje.

"Eksirei inaonyesha mfupa, baba. Gegedu haionyeshi," alisema, akiwageuzia kioo cha kompyuta. "Gegedu ni ule utando mgumu, laini juu, unaofunika ncha za mifupa ili isisagane. La kwako limenyofoka hapa pembeni. Na mfupa chini yake umelainika, umeingia maji."

Pimamaji akasogeza kichwa, akaliona doa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mle ndani alielewa jambo. "Kumbe kigae kimelegea," alisema.

Daktari akatabasamu. Bila shaka wagonjwa wengi hawakuwa wakimrahisishia kazi kiasi hicho. "Haswa. Kigae kimelegea, na sakafu ya chini imeoza."

"Maji yamepitia kwenye mistari."

"Yamepita. Kwa hiyo tutaingiza kamera ndogo, tutatoa kilicholegea, tutakwangua kilichooza, halafu tutatoboa mfupa vitundu vidogo vidogo. Damu na uboho vitatokea kwenye vitundu, vitaganda pale, na taratibu vitageuka kuwa gegedu jipya."

"Mnaparuza sakafu ili saruji ishike," alisema Pimamaji, karibu anyanyuke kwenye kiti. "Hata sisi tunafanya hivyohivyo."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa wema. Daktari alimwazima mfano ili achungulie ndani. Yeye akahamia na vitanda.

"Wiki sita usiukanyage mguu kabisa," daktari aliendelea. "Utatembea kwa magongo. Lakini kila siku, tena mara nyingi, utachezesha kifundo. Juu, chini, juu, chini, bila kukitwika uzito. Huko kuchezesha ndiko kunakolilisha gegedu."

Mkewe ndiye aliyeuliza: na lisiposhika?

Daktari akamjibu Pimamaji. "Lisiposhika, au likiharibiwa kabla ya kukomaa, kuna uwezekano tukalazimika kukifunga kifundo kwa skrubu. Maumivu yataisha, na utatembea. Ila hakitakunjika tena. Kuchuchumaa ndiyo basi."

Njiani kurudi nyumbani Pimamaji aliongea mfululizo juu ya ubora wa saruji siku hizi, ilivyoshuka, wanavyoichanganya na sijui nini. Mkewe alimwacha aongee. Mtu anayekaribia miaka hamsini, asiyejua kazi nyingine wala kuitaka, ameambiwa kazi yake yote imebaki juu ya kipande cha mfupa kisichozidi ukucha. Aliogopa, aliogopa mno, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kulisema hilo, alisema saruji.

Upasuaji ulikwenda salama. Akarudi nyumbani na bendeji nene, magongo mawili, na ujuzi wake wote.

Ujuzi ndio uliomponza. Fundi yeyote wa vigae anajua kwamba kigae kibichi hakiguswi. Ukikitikisa saruji ikiwa inashika, hata kwa unene wa uzi, hakitashika tena. Kitakaa pale kikikudanganya kwa sura, mpaka siku utakapokigonga kikalia utupu. Sasa daktari anasema achezeshe. Pimamaji alilitafakari jambo hilo amelala chali, akamhurumia daktari: mama wa watu kasoma, lakini hajawahi kupanga hata choo. Akauweka mguu juu ya mto, akapiga marufuku mtu yeyote kuketi kwenye kile kitanda. Mkewe akiuliza kutoka saluni, "Unachezesha?" alijibu, "Nachezesha," na ili asiwe mwongo kabisa, akachezesha ule wa kushoto.

Pili, saruji mpya hunyweshwa maji, la sivyo hupasuka. Akaomba awekewe jagi kando ya kitanda, akawa analimaliza na kuomba jingine. Choo kilikuwa upande wa pili wa nyumba, na njia ilipita saluni. Kutwa nzima wanawake wenye vichwa nusu vimesukwa nusu vimetimka walimwona akipita na magongo, na kila akipita aliwasalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Mteja mmoja alimnong'oneza msusi kwamba mumeo apimwe na sukari pia.

Tatu, siku moja mkewe aliingia chumbani akamkuta amejikunja, sikio limekaribia mguu, mkononi ana kijiko anagonga taratibu kwenye kifundo.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Kinasemaje?"

"Kimejaa. Hakilii utupu."

Mkewe akamtazama. "Na kichwa umekigonga?"

Wiki ya tatu ikaingia. Kwa hesabu za binadamu ilikuwa nusu ya safari, lakini kwa hesabu za saruji wiki tatu ni umri wa kupitisha lori. Asubuhi moja mkewe alitoka kwenda kununua nywele za kusukia, na Pimamaji akabaki na mguu wake uliotulia kama maji ya mtungini. Hakuwa amesahau katazo la daktari. Aliliheshimu, ila kwa namna ya kifundi. Maana fundi akilazimika kuvuka sakafu mbichi anayo mbinu: hulaza ubao juu ya vigae na kupita juu yake, ili uzito utawanyike. Alikwenda mpaka saluni, akashusha chupa za mafuta kwenye rafu moja, akachomoa ubao wake, akaulaza kando ya kitanda. Akausawazisha vizuri. Kisha akaweka magongo pembeni, akapiga moyo konde, akashuka kwa mguu wa kulia katikati ya ubao.

Ubao ulitawanya uzito kama inavyotakiwa. Sakafu haikupata hata mkwaruzo. Ila uzito wenyewe, yaani Pimamaji mzima na jagi la maji tumboni, ulikuwa umeshapita kwenye kifundo kabla ya kuufikia ubao.

Hilo alilielewa akiwa hewani.

Mkewe aliporudi alizikuta chupa za mafuta zimepangwa chini, kwa mstari ulionyooka sana, na mumewe amekaa sakafuni chumbani ameushika mguu kwa mikono miwili.

"Huo ubao ni wa nini?"

Akaeleza. Katikati ya maelezo akajisikia mwenyewe, sauti ikapungua, lakini alikuwa ameshafika mbali, akamalizia. Alitegemea mkewe acheke. Mkewe hakucheka, na hapo ndipo alipojua mambo yameharibika. Kwa hofu akatoa na la pili, kwamba kuchezesha kwenyewe hakuwahi kuchezesha.

Mkewe akaketi kwenye ukingo wa kitanda kilichopigwa marufuku. "Ulichoambiwa ufanye hukufanya," alisema polepole. "Ulichokatazwa ndicho ulichofanya."

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Na kwa kirefu?"

Pimamaji akafungua mdomo aseme habari za saruji, saruji ikakataa kutoka. "Naogopa," alisema. "Wakikifunga hiki kifundo mimi nitakuwa nani?"

Mkewe akainuka. Akamshika kwapani, akamnyanyua, akamweka kitandani kama mzigo wa mtu unaotakiwa kurudishwa mzima.

Daktari alikipima kifundo kwa mikono yake. Kilikuwa kimevimba na kukakamaa, hakiendi mbele wala nyuma. Akasikiliza habari ya kijiko, akasikiliza habari ya ubao, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Kosa ni langu," alisema mwishowe. "Sikupi mfano tena. Baba, huu ni mguu. Si kingine, ni mguu." Kama lile bonge la damu lilikuwa bado limeshika au limeng'oka, hakuweza kusema, lingejulikana baada ya miezi, kwenye picha. Magongo yaanze upya. Kuchezesha kuanze leo hii.

Kuanzia hapo mamlaka yalihamia saluni. Msusi alimweka mumewe kwenye kiti cha pili, mguu juu ya stuli, mahali anapomwona kwenye kioo hata akiwa amempa mgongo. Zoezi lilikuwa kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Wateja wakaligeuza mchezo: yeye aandike neno, wao wabahatishe. Mwanzoni herufi zake zote zilifanana, kwa jinsi kifundo kilivyogoma, na kila moja ilimtoa chozi la pembeni. Mwanamume aliyewafukuza watu majikoni mwao sasa alipewa imla na wanawake waliokaa chini ya mashine ya kukausha nywele, na akikosea alirudia. Siku moja walimpa aandike asiyesikia la mkuu huvunjika guu, yote. Aliandika mpaka mwisho, na alipofika kwenye guu walimpigia makofi.

Alijifunza kitu kimoja pale. Habari ya ubao angeiacha isimuliwe na wengine ingemuuma, basi akawa anaiwahi mwenyewe. Kila mteja mpya aliyeketi alisimuliwa, na kila mara Pimamaji alijipunguzia akili kidogo, mpaka mkewe akalazimika kumtetea: hapana, kijiko hakikuwa cha kupakulia, kilikuwa kijiko cha chai. Lakini saluni ikiwa tupu, nywele zimefagiliwa, alikuwa akiuliza swali lilelile.

"Wakikifunga nitafanya nini?"

"Utasuka."

"Na vidole hivi?"

"Basi utafagia nywele," alisema mkewe, kisha akamwona uso kwenye kioo, akaacha utani. Akavuta stuli, akaushika mguu wake, akakikunja kifundo mwenyewe, juu, chini, juu, chini.

Magongo mawili yakawa moja, moja likawa hakuna. Alianza kutembea, kisha kupanda ngazi za jirani, kisha kushuka, ambako ni kugumu zaidi. Kuchuchumaa alikatazwa asijaribu, na safari hii hakujaribu. Alikiogopa kile kitendo. Kitu kikimwanguka alikiacha palepale, au alikivuta kwa fimbo ya ufagio.

Siku ya picha ilipofika, daktari aliitazama kwa muda, akalinganisha na ya zamani. Pimamaji alitazama ukuta.

"Limeota," daktari alisema. "Si kama lile ulilozaliwa nalo. Hili ni la kovu, si imara kama la kwanza, lazima uliheshimu. Lakini pengo limejaa." Kisha, kabla mtu hajashukuru, akaongeza, "Ila picha haichuchumai. Vua kiatu."

Akavua. Akavua na soksi. Akasimama katikati ya chumba, miguu imeachana kidogo, mikono mbele, kama alivyosimama maelfu ya mara bila kufikiri. Hakushuka. Akasema suruali inabana. Akasema sakafu ni ya baridi. Akasema labda arudi wiki ijayo, foleni ni ndefu, watu wanasubiri.

"Foleni ni yangu," alisema daktari.

Alijua akishuka ule msumari ukamchoma, basi. Maadamu amesimama, bado ni fundi wa vigae. Hilo hakulisema, lakini mkewe alikuwa ameishi naye muda wa kutosha. Aliinuka kwenye kiti, akaweka mkoba chini, akasimama mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Twende wote," alisema.

Wakashuka. Yeye alifumba macho. Magoti yakalia, ya nani haikujulikana. Akausubiri ule msumari kwenye kifundo, akausubiri, akashuka tena kidogo akiusubiri, mpaka makalio yakagusa visigino na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kulikuwa na kuvuta, kulikuwa na ubishi kidogo. Kuchomwa hakukuwapo.

Akafumbua macho. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa ameiona sakafu kutoka juu, kama wateja. Sasa ilikuwa mbele ya uso wake, na mistari yake, na makapi yake. Akaachia mkono mmoja wa mkewe, akapitisha kiganja juu ya kigae, taratibu, kwenda na kurudi, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafanyia mpango wowote.

"Haya, inuka basi," mkewe akamwambia kwa sauti ndogo.

"Niache kidogo, mama watoto. Nimefika kazini."

Akamwacha. Daktari naye akamwacha. Ila mapaja yaliyokaa bure miezi yote ile, na magoti ya mwanamke aliyesimama nyuma ya viti vya watu miaka yote ile, yalikuwa na maoni yao kuhusu safari ya kurudi juu. Walijaribu mara moja, wakarudi chini wakicheka, na ikabidi daktari azunguke meza aje awanyanyue, mmoja mmoja.

"Anza na huyu," alisema Pimamaji. "Mimi niko sawa hapa."